Jile ya Rangi ya Machungwa na Koti ya Wilondja

Juzi nilipita mbele ya atelie yenu ya kushona nikaona kijana amevaa jile. Munaijua: kile kizibao kisicho na mikono, rangi ya machungwa inayochoma macho, na mikanda ya kung'aa kifuani. Nikamuuliza, "Mutoto wangu, unaenda kuwinda?" Akasema, "Hapana, mama. Niko nauza mandazi." Nikamuuliza tena, sasa jile ni ya nini? Akajibu bila haya, "Mama, hapa kambini Dzaleka mutu akivaa jile, bantu banapanga mustari mbele yake bila kuitwa."

Sikucheka. Ah, nadanganya, nilicheka mupaka nikashika ukuta. Lakini vile nilifika nyumbani roho ikaniuma, nikasema lazima hawa batoto ba atelie baambiwe hii kitu ilianzia wapi, juu banaishona kila siku na habajue banashona nini.

Mi njo mama Furaha, mutu wa Bukavu, na njo mi nilishona jile ya kwanza ya bawindaji hapa kwetu. Kama kuko mwingine anasema ni yeye, aje anione. Nakaa nyuma ya kanisa na siku hizi siendi mbali, juu macho yamechoka na tundu ya sindano imeanza kunikwepa kama mudeni. Mashine nilimupa binti yangu Furaha. Ulimi nimebaki nao.

Nianze na kile kinanikasirisha. Jile zenu ni fupi. Munasema ni modeli. Jile inaishia juu ya kitovu, ubavuni mumeifunga na kamba tu ili mwili uonekane, kitambaa chenye munabakisha munashona kofia za batoto. Basi mutu akisimama mbele yangu namuona. Akigeuka upande, amepotea. Mwenye bunduki hakuombi ugeuke kwanza akuone muzuri kama mupiga picha. Jile ya muwindaji inazunguka mwili wote, mbele, nyuma na mbavu zote mbili, inashuka mupaka chini ya kiuno, na kichwani kunakuwa kofia ya rangi ileile, juu ndani ya majani marefu kichwa njo kinatangulia kutoka. Mutu wa modeli aende kushona nguo za harusi.

Hii sikujifunza hapa. Nilijifunza kwa papa Cikuru, kule Bukavu, mutaa ya Kadutu, wakati mi niko musichana mwembamba. Papa Cikuru alikuwa fundi wa nguo za bantu ba barabara, bale banachimba mifereji na kujaza mashimo. Mutu mukali! Ukishona vibaya hakupigi, anavaa ile nguo yako yeye mwenyewe na kutembea nayo sokoni akisema kwa sauti, "Angalieni kazi ya mwanafunzi wangu." Unatamani akupige. Vile nguo ilikuwa imeisha, alikuwa ananivalisha na kunituma ngambo ya bonde. Bukavu munaijua, ni milima na mabonde. Nasimama kule mbali katikati ya migomba na mavumbi, na yeye anasimama ku mulango na kikombe ya chai. Kama ameniona mbele ya kumeza chai, nguo inatoka. Kama amemeza na bado ananitafuta, tunafumua.

Alikuwa na neno lake moja: "Nguo ya kazi haishonewe mwenye kuivaa. Inashonewa macho ya mwenye kumuangalia." Wakati ule niliona ni maneno ya muzee tu. Nilikuja kuielewa huku Malawi, na nilielewa juu ya tundu moja ndogo.

Sasa niwaambie juu ya bwana yangu. Wilondja ni mutu wa Fizi. Mumuwekee mutu wa Fizi sahani ya kuku, samaki na maharagi, atakula, atashukuru, halafu atauliza, "Na nyama ya pori je?" Hapa kambini pori yenyewe iko wapi? Lakini alipata ndugu wa roho: Phiri, mulimaji wa kijiji cha jirani, mutu mupole, masikio makubwa. Nguruwe ba pori balikuwa banatoka ku dambo, ule ubonde wa majimaji, na kumaliza mahindi na karanga za kijiji. Phiri alikuwa na bunduki moja ya zamani yenye karatasi zake. Sisi bakimbizi bunduki haturuhusiwe, na ni sawa. Kazi yetu ilikuwa kuingia ndani ya majani kwa mustari, kupiga makopo na kupiga kelele, ili nguruwe akimbilie kwenye Phiri anangojea. Na kwa kelele, bana bangu, Mungu alitubariki.

Basi Wilondja alikuwa na koti. Aliinunua ku kaunjika ya Lumbadzi, kwenye marundo ya nguo za mitumba, na siku ile alirudi akitembea kama mukwe wa mwami, wa mufalme mwenyewe. Koti nzito, rangi ya udongo, na ku shingo manyoya. Manyoya! Akivaa na kuinama, kwa nyuma unakosa kitu ya kumutofautisha na nguruwe, ila nguruwe havai viatu. Nikamuambia. Akasema, "Mama Furaha, weye wivu."

Siku moja akatoka kuwinda, akavua koti, akaitupa ku kitanda, akaniambia, "Mwiba imenipasulia koti, unishonee." Nikachukua, nikaangalia ku mwangaza. Sasa musikie muzuri, hii ni ya kazi. Mwiba ikipasua kitambaa, inavuta. Uzi unakatika upande moja na kitambaa kinafunguka kama mulango. Lakini hii ilikuwa tundu ya duara, ndogo kama punje ya mutama, na nyuzi zote zimesukumwa kuingia ndani. Nikageuza koti. Ku upande wa pili wa bega, tundu ingine, nyuzi zimesukumwa kutoka.

Nikamuita. "Papa Furaha, hii mwiba iliingia huku ikatokea huku?"

Akachukua kiatu, akaanza kupangusa matope.

"Na ilikuwa inalia pwaa?"

Akaanza kuangalia miguu. "Ilipita tu," akasema. "Haikunigusa. Phiri aliomba musamaha."

Mawe, mama yangu! Nilikaa chini. Musinione nacheka leo. Siku ile nililia kama mutoto. Tulikimbia vita kule kwetu, tukalala njiani, tukavuka mipaka na Furaha mugongoni, Mungu akatuhifadhi, halafu mutu wangu afe mu shamba ya karanga juu ya koti yenye manyoya?

Asubuhi nikaenda kwa Phiri. Nilimukuta anapukuchua mahindi. Nilimutukana kwa Kiswahili kwanza, juu Kichewa changu wakati ule hakikuwa na matusi ya kutosha. Alingojea nimalize. "Pepani, mayi," akasema, yaani pole, mama. "Niliona majani yanatikisika na kitu ya rangi ya udongo."

"Na baba yako hakukufundisha kuangalia kitu mbele ya kufyatua?"

"Alinifundisha, mama. Alisema ukisha kuona nyama, ungoje kidogo uangalie nyuma yake, juu kama risasi imekosa nyama haitarudi nyumbani, inaendelea."

"Nyuma ya nyama! Na nyama yenyewe hauangalie?"

Akakuna sikio. "Bwana yako, mama, anafanana sana." Ni yale nilikuwa nimeshasema mi mwenyewe.

Nikarudi nikaamua: Wilondja haingie tena mule ndani bila jile. Na hapo njo makosa yakaanza, munisamehe, juu nilizani najua. Nilinunua mikanda ya kung'aa, ile ya fedha, nikaishona ku kitambaa kizito ya kaki yenye nilikuwa nayo. Mangaribi tukafunga mulango, Furaha akamulika na tochi, baba yake akang'aa nyumba nzima kama gari ya polisi. Tukapiga makofi. Kesho yake mchana nikamupeleka ngambo ya mufereji, nikasimama ku mulango na chai, kama vile papa Cikuru. Nikameza. Nikameza tena. Chai ikaisha. Ile mikanda, bana bangu, inarudisha mwangaza wa taa tu. Ni ya mutu wa kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, anayepeleka abiria ku barabara na gari zinakuja na taa zake. Mchana, mu majani, inafanana na majani makavu. Mchana njo rangi yenyewe inafanya kazi.

Nikafumua. Nikaenda Lilongwe, nikalala kwa binamu yangu kule Nsungwi, na asubuhi nikazunguka soko ya Area 25 mupaka nikapata ile machungwa kali ambayo ukiiangalia sana unaona bluu ukifumba macho. Nikashona. Nikamuona mbele ya kumeza! Furaha akaifua. Kwa usafi wake akaitia javeli, ile dawa ya kufanya nguo nyeupe, akaianika ku jua siku nzima. Ikarudi rangi ya uji. Ile rangi haitaki javeli, haitaki jua ya bure. Unaifua na sabuni kidogo na kuianika kivulini, na ikisha kufifia unaitupa, haumurithishe mutoto.

Ya tatu njo ikasimama. Wilondja akaikataa. "Nyama itaniona."

"Phiri anasema nguruwe hatofautishe machungwa na majani. Anachojua ni harufu yako na mudomo yako."

"Na kanga je? Kanga anaona rangi zote."

"Kanga unamutega na kamba. We ushamuona mutu anafukuzia kanga na makopo?"

"Malaika bananilinda, mama Furaha."

"Malaika banakulinda na shetani. Na Phiri, nani atakulinda naye?"

Akavaa. Lakini kila mara nikigeuka anatia koti juu yake, ati baridi. Jile chini ya koti ni kama taa ndani ya sanduku. Ata begi mugongoni inafunika. Nilimushonea jile kubwa, ya kuvaa juu ya ile koti na manyoya yake yote, tumbo likiwemo, na mugongoni nikamaliza na mushono wangu wa njia tatu, wenye nilijifunza Kadutu na sijaona mwingine anaushona hapa. Mukumbuke huo mushono.

Sasa anaingia prezida Mugisho. Hakuwa prezida wakati ule. Alikuwa mutu wa kawaida mwenye suti, anayetafuta kitu ya kuwa prezida wake. Akaona jile tano, sita, juu na benzake ba Wilondja nilikuwa nimebashonea, banaume banatoka nazo kijiji kwa kijiji, na siku ileile kukawa Komite ya Usalama ya Bawindaji. Prezida, makamu ya prezida, sekretera, mushauri wa kwanza, mushauri wa pili. Muwindaji ndani yake hakukuwa ata mumoja. Prezida Mugisho aliogopa ata bata.

Komite ikaniletea kazi: jile za komite. Na ziandikwe. Prezida alitaka majina yote ya komite kwa herufi nyeusi, mbele na nyuma, tena kubwa. Nikaandika, nikamuonyesha: rangi ya machungwa yenye ilibaki ilikuwa kidogo kama siagi ku mukate. Nikasema, prezida, hapa mutu haonekane. Akajibu, "Mama Furaha, lakini anasomeka."

Toka siku ile jile zikaanza kutembea. Prezida anavaa kanisani, anavaa ku harusi, anavaa ku matanga na kusimama pembeni ya kaburi kama polisi anayeongoza magari. Na bantu, munawajua bantu betu. Sisi toka tumefika hapa, kila kitu tulipewa na mutu mwenye jile: unga, sabuni, blanketi, ata habari. Macho yamezoea. Ukiona jile unachukua beseni, maswali utauliza kisha. Siku moja makamu ya prezida alisimama kungojea mvua ipite, akageuka akakuta bamama banamupangia mustari. Alibaona huruma, akabahutubia.

Na sasa nifike ku ile siku. Shirika moja ya Lilongwe ilisikia kuna komite, ikaita semina ya usalama wa bawindaji, ku hoteli, na mimi nikaalikwa kama fundi. Nikatangulia siku moja, nikalala Nsungwi. Asubuhi nikaingia mu sale, kile chumba kikubwa cha mikutano. Baridi ya mashine, maji ya chupa, kadi ya jina shingoni. Nikakaa. Mulango ukafunguka, komite ikaingia na bageni bake, na wote wamevaa jile za machungwa. Mu sale! Kuko mazulia chini, viti vya kitambaa, na hakuna ata mutu mumoja wa kumupiga mwingine risasi, isipokuwa kwa njaa.

Mbele yangu akakaa mutu mwembamba, jile imemuzidi, imemuangukia kama pazia. Nikaangalia ule mugongo. Mushono wa njia tatu.

Nikamushika bega prezida. "Hii jile mumeitoa wapi?"

"Tulikusanya zote jana, mama. Ni za picha. Papa Furaha alitoa yake na roho nyeupe kabisa."

Roho nyeupe! Alikuwa anangojea tu kisingizio ya koti yake. Na ile ilikuwa siku ya kuwinda. Chifu wa kijiji aliipanga mbele semina haijaitwa: nguruwe bameingia mahindi, banaume bote baje, baingie majani jua ikianza kushuka. Nikampigia Furaha. "Papa ameshatoka?" "Ameshatoka, mama. Simu ameiacha hapa, anasema inakimbiza nyama." "Amevaa nini?" "Koti."

Mwalimu wa semina alikuwa mbele anaonyesha ku ukuta picha ya muwindaji wa Ulaya akikanyaga theluji. Nikasimama. Sikuomba ruhusa. Nikasema, "Bwana yangu yuko mu majani sasa hivi na hii jile yake iko hapa inasikiliza masomo." Nikamuvua yule mwembamba kama vile unamuvua mutoto aliyejikojolea. Nikageukia bengine. Mwalimu, Mungu amubariki, alikuwa wa kwanza kuvua yake, juu naye balimuvalisha, na akasema bote bavue. Wengine balivua. Prezida akasema yeye atatoa yake kisha picha. Nikatoka, na harufu ya kuku ilikuwa inaingia, bilauri zimepangwa, juu ilikuwa karibu saa ya kula. Batoto bangu, mi niliacha kuku ya hoteli. Kama munataka kujua nampenda Wilondja kiasi gani, mupime na hiyo.

Mwalimu mwenyewe alinipeleka na gari yake mupaka Lumbadzi, pale mafuta ikaisha. Pale nikapata pikapu ya mutu wa tomato, na toka barabara kubwa nikachukua kabaza. Kijana wa kabaza alipiga pedali mupaka shati ikalowa, na mi nyuma nimekumbatia jile, namuambia "Zikomo, mwanangu, asante, zikomo, kaza." Mikono ikashindwa kubeba yote, nikavaa moja. Kadi ya semina ilikuwa bado shingoni. Sikufikiri kitu.

Nikashuka ku mwisho wa kambi, nikaanza kukimbia kwenye njia ya dambo. Mama mutu muzima, jile mwilini, jile mukononi, kadi kifuani, haraka usoni. Munaelewa? Ata mi ningejifuata.

Nikasikia nyuma, "Banagawia ku shamba ya Phiri!" Nikageuka: bamama na mabeseni, bababa na mifuko, mutoto na jerikani. Nikapiga kelele, "Murudi! Kuko bunduki!" Balisimama kidogo. Halafu sauti moja ikasema, "Munaona? Anataka kugawia bantu bake peke yao." Basi! Vile nilizidi kubafukuza njo balizidi kukazana. Nikaacha. Nikakimbia, na Dzaleka nusu nzima nyuma yangu.

Nikafika juu ya mwinuko, pale njia inateremuka ku dambo. Chini yangu majani marefu, mustari wa banaume banapiga makopo. Ngambo ile, ku kichuguu, Phiri amesimama. Na katikati, mbele ya bengine bote, peke yake, nikaona mugongo wa rangi ya udongo unasukuma majani, umeinama, umepita kwenye kanjia ya nguruwe. Na manyoya ku shingo.

Bunduki ya Phiri ilikuwa imeinuka, inanitazama. Hapana, haikunitazama miye. Ilitazama ule mugongo.

Niliita Wilondja, kelele ya makopo ikameza sauti. Nilinyanyua tu mikono, na jile zote zikafunguka.

Bunduki ya Phiri ikashuka pole pole, akaifungua, akatoa risasi, akakaa chini pale ku kichuguu.

Vile nilimufikia alikuwa bado amekaa pale. "Pepani, mayi. Pepani." Nikamuambia Mungu akubariki kwa kumuona. Akatikisa kichwa. Phiri hajui kudanganya. "Yeye sikumuona, mama," akasema. "Mi niliona nguruwe. Kidole kilikuwa kimeshaanza. Halafu nikaangalia nyuma ya nguruwe, kama baba alisema, nikakuona weye."

Papa Cikuru, ulale muzuri kule uko. Inashonewa macho ya mwenye kuangalia.

Wilondja alitoka mu majani na kopo yake mukononi, anauliza nani ameharibu windo, nguruwe alikuwa pale tu. Nilimupiga na zile jile zote, nikamupiga nikilia, na yeye anajikinga na kusema "Mama Furaha, bantu banaangalia." Halafu Phiri akamuambia. Wilondja akavua koti yeye mwenyewe, akasimama na mikono imeinuliwa kidogo, nami nikamuvalisha jile yake, nikamufunga kamba moja moja, mbele na mbavuni.

Koti niliikata siku ile. Manyoya nilishonea mukeka wa mashine. Yako mpaka leo chini ya miguu ya Furaha, mukienda mutaona. Wilondja sasa ni muzee, yuko hapa nje anasinzia ku kiti, na jile anavaa ata kwenda chooni.

Lakini bale bantu habakurudi nyumbani. Vile niligeuka, balikuwa wameshapanga mustari ku mwinuko, mustari wa kunyooka, bamama mbele na bagonjwa pembeni, kimya. Wa kwanza alikuwa nyanya mumoja na beseni ya bluu, amechoka kwa kukimbia. Akaniangalia na heshima yote.

"Mama," akasema, "leo munagawa nini?"

Machozi yalikuwa hayajakauka. Nikamushika Wilondja mukono. "Leo, nyanya, mi nimepewa bwana."

Nyanya akamuangalia Wilondja toka kichwa mupaka viatu. Akaangalia beseni yake. Halafu akauliza, pole pole, kama mutu aliyezoea: "Na kwa familia ni moja tu?"